Sauti Iliyoingia Bila Kusalimia

Mumbua mwanangu,

Umeondoka hapa saa nane kwenda Machakos kusukwa, na najua yule msusi wako wa nyuma ya soko hakuachilii kabla ya giza kuingia. Baba yako yuko shambani anachagua parachichi za kukufungia, kana kwamba huko Narok watu hawali. Mimi nimebaki na meza, kalamu na alasiri nzima, na nimekosa kisingizio.

Sitakuandikia habari za sweta, za maji ya kuchemsha wala za wanaume. Hayo utaambiwa kesho na shangazi zako mpaka masikio yakuume. Mimi nina jambo moja tu, na ni lazima ulijue kabla Mwalimu Ndunge hajaingia kwa mlango huu kesho, baada ya ibada, kuja kukuombea safari. Ameniwekea sharti. Amesema hatakanyaga hapa kama bado utakuwa hujui, nami nimekubali.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kuongea nashinda. Mabishano yote ya nyumba hii nimeyashinda mimi, hata yale ambayo sikuwa na haki, muulize baba yako. Na usishangae kwamba naandika kwa Kiswahili. Kiingereza nimekifundisha maisha yangu yote, na najua kujificha ndani yake vizuri mno.

Nianze na Jumatatu, maana tangu Jumatatu umeninunia.

Ulikuwa unafua pale nje, nami nikichambua maharagwe, ukaanza kunieleza vile utafanya kazi yako mpya. Wanafunzi wa stashahada ya ualimu, somo la Kiingereza, na wewe ndiye mdogo kuliko wakufunzi wote. Ukasema hutaki kusimama mbele ya watu saa nzima ukisoma noti huku wao wakinakili. Utarekodi maelezo yako kwenye CD, kila mwanafunzi aende nayo, asikilize kwao kwa wakati wake. Wakija darasani, saa zote ziwe za kuongea, kubishana, kuandika na kusahihishana. Darasa lililogeuzwa, ndivyo ulivyoliita, na ukasema ni jambo jipya kutoka ng'ambo. Uso wako ulikuwa unang'aa kweli. Kisha ukakamua shati, ukasema, "Na mwenye hajasikiliza, Mama, haingii. Abaki nje mpaka ajue kujipanga."

Hapo ndipo nilipocheka. Ukaniambia kila kitu chako mimi hukidharau, ukaanika nguo zilizobaki bila kunitazama. Sikuwa nakudharau hata kidogo. Nilicheka kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, wewe ukiwa bado mtoto wa kukatwa kucha. Na kabla sijamaliza kucheka ukanitupia jingine, kwamba umempigia Mwalimu Ndunge simu na amekubali kuja Jumapili. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Hilo darasa lako la kugeuza, Mumbua, mimi nililifundisha hapa Machakos miaka ya tisini, bila jina la kizungu, kwa kanda na redio na betri.

Unajua nilikuwa mkufunzi wa Kiingereza pale chuoni. Usichokijua vizuri ni wanafunzi wangu walikuwa nani. Walikuwa walimu wa shule za msingi, watu wazima wenye nyumba zao, wanaotafuta stashahada ili wapande wafundishe sekondari. Walikuja Jumamosi tu, kutoka Mwala, Kangundo na huku kwetu Kathiani, viatu vimejaa vumbi. Sarufi waliijua. Wangekuchambulia sentensi mpaka uombe poo. Lakini mwambie mmoja asimame aongee Kiingereza dakika mbili tu kuhusu shamba lake, jasho linamtoka. Nami nilikuwa nawapotezea Jumamosi yao nikisoma noti ambazo wangeweza kuzisikia mahali popote.

Basi nikachukua redio ya kurekodi ya baba yako, nikafunika dirisha la chumba chetu kwa blanketi, nikawa narekodi somo kila jioni nikitoka kazini. Kanda zikanakiliwa, kila mtu akaenda na yake. Kazi yao ilikuwa kusikiliza kwao wiki nzima. Kazi yetu ya Jumamosi ilikuwa kuongea.

Wewe unaukumbuka mwaka huo kwa upande wako. Neno ulilolisikia zaidi kutoka kinywani mwangu lilikuwa "Nyamaza." Kwenye somo la sita unasikika ukikohoa nje ya mlango. Sikusimama kukuangalia. Nilipandisha sauti. Jumamosi wanafunzi wakaniuliza, "Mwalimu, mtoto amepona?" na nilichukua muda kuelewa wanauliza mtoto gani.

Sitakudanganya kwamba mbinu ilikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya ningelala vizuri. Ilifanya kazi. Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Mwala, mtu wa miraba minne, ambaye mwanzo alikuwa akiitwa jina lake anainamisha kichwa. Kufikia muhula wa pili alikuwa anabishana nami kwa Kiingereza kuhusu bei ya kahawa mpaka namwambia inatosha. Darasa lilichangamka hata wakufunzi wengine wakawa wanapita kwenye korido polepole wasikilize. Mkuu wa chuo akaleta wageni kutoka Nairobi wakakaa nyuma na kalamu zao, wakatoka wakinisifu. Nikafanywa mkuu wa idara. Nilitembea ndani ya mji huu wa Machakos kichwa juu, nikijiambia hakuna mwalimu kama mimi kutoka hapa mpaka baharini.

Na nilikuwa na sheria yangu ya mlangoni. Kila Jumamosi nilisimama pale mlangoni na kila mwanafunzi alijibu swali moja kutoka kwenye kanda kabla ya kuingia. Ukijibu, karibu. Ukishindwa, unabaki nje mpaka mjadala uishe. Niliona ni haki kabisa. Kanda kila mtu amepewa, wiki kila mtu amepewa, sasa shida yako ni nini?

Mwalimu Ndunge alikuwa mwanafunzi wangu.

Najua umesimama hapo kwanza. Soma tu. Alikuwa mwalimu kwa ile shule yako hata kabla wewe hujafika darasa lake, na alikuwa anatafuta stashahada kama wengine. Jumamosi ya kwanza kabisa, kabla sijaanza mambo ya kanda, niliwauliza kila mmoja anataka nini hapa. Wengi walisema mshahara, wakacheka. Yeye alisema anataka kufundisha fasihi kwa wasichana wa sekondari. Alikuwa mwembamba, na kitambaa cha kichwa cha samawati, na alikaa mbele.

Kanda zilipoanza, akaanza kushindwa mlangoni. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namwuliza swali la somo, ananitazama tu. Nikamwandikia kwa akili yangu kwamba ni mvivu, mmoja wa wale wanaotaka cheti bila kutoa jasho. Jumamosi moja akajaribu kunieleza. Alisema, "Mwalimu, hiyo kanda kwangu haisikiki." Nikamjibu, mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni, "Basi nunua betri." Watu wakacheka. Nami nilicheka, nilijiona hodari wa maneno. Hakujaribu tena.

Madirisha ya darasa lile yalikuwa chini. Alikuwa anasimama nje, anaweka daftari lake kwenye kizingiti cha dirisha, anaandika anachosikia. Jua linampiga, yeye anaandika. Siku moja nikaenda nikalifunga dirisha. Nilisema kelele za barabarani zinatusumbua. Barabara iko mbali na lile darasa, Mumbua. Nililifunga kwa sababu nilikuwa nimechoka kuona ile sura, na alijua, na mimi nilijua anajua. Aliondoa daftari vidole visibanwe.

Maksi za mwaka zilitoka kwenye mijadala ya Jumamosi. Yeye hakuwa nazo. Asiye na maksi hizo haruhusiwi kufanya mtihani, na anayetia sahihi ni mkuu wa idara, yaani mimi. Alikuja ofisini akasimama, sikumwambia aketi. "Mwalimu, nipe mtihani tu. Nikianguka, nianguke." Nikamwambia sheria ni sheria. Nikatia sahihi. Hakurudi chuoni tena, na mpaka leo hajafundisha sekondari hata siku moja.

Mwaka uliofuata wewe ukaingia darasa la nne. Ukarudi nyumbani ukiruka ruka, una mwalimu mpya, anaitwa Mwalimu Ndunge. Aiya!

Nilingoja akulipizie. Kila jioni nilikuwa nafungua madaftari yako natafuta kalamu nyekundu yenye ubaya, adhabu isiyo na sababu, neno lolote la kuniumiza. Nilikuta "Vizuri sana" na "Endelea hivyo". Alikukopesha vitabu vyake mwenyewe vya hadithi, ukavirudisha vina mchuzi, na hakusema kitu. Ningependa akuonee kidogo. Ningepata nafuu. Nakuambia ukweli wote leo, hata huu mchafu.

Sasa nakuja kwa ile hadithi.

Unaikumbuka kuliko mimi, maana umeisimulia kila mahali, kanisani, sekondari, hata chuo kikuu, na kila mara unasema ndiyo iliyokufanya upende kusoma. Ulirudi nayo jioni moja tukiwa mezani. "Mama, leo Mwalimu Ndunge ametuambia hadithi." Kulikuwa na sauti ya mwanamke iliyokaa ndani ya kisanduku. Kila jioni iliingia kwa nyumba ya mwanamke mzee. Haikupiga hodi, haikuuliza habari ya hapa, inaingia tu na kuanza kuamuru watu kwa lugha ya mbali. Yule mzee akauliza, "Ni nani huyu mwanamke anaingia kwa nyumba yangu hasalimii watu? Hana mama?" Akamwambia mtoto wake atoe hicho kisanduku, na mtoto akakipeleka dukani kwake, kikabaki huko. Mke wa yule mtoto akalia, maana alikuwa anahitaji maneno ya ile sauti. Nayo sauti ilipoona hajashika maneno yake, ikakasirika, ikamfungia nje ya nyumba kubwa yenye madirisha.

Ulicheka mpaka ugali ukakupalia. Ulimwigiza yule mzee, mkono kiunoni, "Hana mama?" Baba yako akacheka mpaka akafuta macho. Mimi niliacha kula, nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda chumbani.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mkufunzi mzima, mkuu wa idara, nilijulishwa makosa yangu na mtoto wa darasa la nne mwenye ugali mdomoni. Mama mkwe wake Ndunge alikuwa amekataa sauti yangu ndani ya nyumba yake, kwa sababu mimi nilikuwa naingia humo kila jioni bila hata salamu. Na kweli sikuwa nasalimia. Niliona salamu ni kupoteza utepe. Mimi, Mkamba niliyezaliwa Kathiani, ambaye siwezi kupita kwa boma la mtu bila kuuliza watoto wameamkaje, nilirekodi masomo yote yale bila salamu hata moja. Angemwambia nani, na wapi? Pale mlangoni, mbele ya foleni, aseme mama mkwe amekukataa, Mwalimu?

Sauti ile ni yangu, Mumbua. Hadithi yako unayoipenda ni habari yangu na yake.

Unauliza nilifanya nini baada ya kujua. Sikufanya kitu. Nilikuwa bado na cheo, ningeweza kumrudisha, ningeweza kuandika barua moja tu kwa mkuu wa chuo. Lakini kuandika ingebidi niseme nilikosea, na wageni wa Nairobi walikuwa wanarudi mwaka ule kuona tena lile darasa la ajabu. Nikanyamaza. Ulikuwa unaniuliza, "Mama, kwa nini siku ya wazazi anakuja Baba peke yake? Mama za wengine wako." Nilikuwa nakuambia nina kazi. Baba yako alikuwa anafunga safari kutoka kiwandani Athi River, mwili bado una simiti, aje kukaa mbele ya Mwalimu Ndunge kusikia jinsi unavyofanya vizuri, huku mimi nimekaa ofisini sifanyi lolote. Sokoni nikiona kile kitambaa cha samawati, nilikuwa naingia kwa duka lolote lililo karibu. Nimenunua vitu vya ajabu hivyo. Ile mitego ya panya uliyowahi kuniuliza ni ya nini, ndiyo hiyo.

Hata mashahidi wangu wa fahari sikuwaangalia vizuri wakati ule. Waliofaulu kwa kanda zangu walikuwa akina nani? Walikuwa wale wa mjini, wenye stima na chumba cha kufunga mlango. Wanaume wengi pia, maana redio ya nyumba ilikuwa yao, wakisema kimya kila mtu ananyamaza, kama mimi nilivyokunyamazisha wewe. Wanawake wa vijijini walikuwa wachache mlangoni, na wachache zaidi ndani. Nilikuwa nawaona kila Jumamosi. Niliona ni uvivu umewachagua.

Basi Jumatano nilikwenda kwa Mwalimu Ndunge. Ulidhani nimeenda kusaga mahindi.

Ni kilima kimoja tu kutoka hapa, na sikuwahi kufika. Nilipiga hodi, nikasalimia, nikauliza habari ya hapa na ya watoto, nikauliza ya mvua. Aliitikia yote, moja moja, bila haraka, akanionyesha kiti. Mume wake alikuwa dukani. Yule mama mkwe alikufa zamani. Nyumba ni sebule moja, na pembeni pazia, na nyuma ya pazia kitanda.

"Susu alikuwa analala hapo," akaniambia akionyesha pazia, akimaanisha yule mama mkwe. "Wewe ukianza, yeye anaamka."

Nikasema, "Ungeniambia, Ndunge."

"Nilikuambia. Ukasema ninunue betri."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Nikamwuliza kama alijua ile hadithi ingefika kwangu, alipowasimulia watoto. Alinitazama kama vile anatazama mtoto aliyeuliza kitu cha wazi. "Na unafikiri niliisimulia kwa nini?"

Akaingia ndani akatoka na redio, na kanda. Somo la kwanza, mwandiko wangu bado uko kwenye karatasi yake. Sikujua kwamba hakuwahi kuirudisha chuoni, na kwa kweli hakuna aliyeidai. Akaiweka. Nikajisikia. Mumbua, mimi nimesikia sauti yangu mara nyingi, lakini sijawahi kuisikia nikiwa nimeketi kwa nyumba ya mtu. Iliingia mle ndani kama askari. Keti vizuri. Fungua daftari. Rudia baada yangu. Nikatazama lile pazia, nikamwona mwanamke mzee anashtuka kitandani mwake, amechoka na shamba, anasikia mwanamke asiyemjua anaamuru watu kwa nyumba yake kwa lugha ambayo haijui. Ningekuwa mimi, ningeivunja hiyo redio.

Ndunge akaizima. Nikasema nilichoenda kusema. Niliomba msamaha, kwa Kikamba, na nilitaja dirisha, maana dirisha ndilo nililoogopa kulitaja.

Akasema, "Nimesikia."

Usije ukafikiri alinisamehe, mwanangu, na usiwaambie watu hivyo. Alisema amesikia. Baadaye kidogo, akikunja waya wa redio, akasema, "Ungekuja wakati ule. Siku moja tu. Ungekaa hapo ulipoketi, umsalimie Susu, umwambie mimi ndiye ile sauti. Angekuchinjia kuku. Angetembea kanisani akiwaambia watu mwalimu wa chuo alikuja kwake. Angeniwekea hiyo redio yeye mwenyewe, na angewanyamazisha wote."

Hilo limenikata kuliko matusi. Siku moja tu, kilima kimoja. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na Jumapili, nilikuwa na lugha ya kumsalimia yule mama, lugha yangu ya kuzaliwa. Nilichokosa ni kufikiria kwamba nyumba ninayoipelekea somo ina watu ndani.

Hakunipa chai. Unajua maana yake kwetu. Nilikaa karibu saa nzima kwa nyumba ya Mkamba na nikatoka bila hata maji. Mlangoni ndipo aliponiwekea lile sharti. "Mimi nitakuja Jumapili kwa ajili ya mtoto. Lakini mwambie kwanza. Sitaki aniombe baraka akiwa hajui alikuwa anacheka nini."

Sasa umejua.

Kazi yako ya Narok ifanye. Rekodi CD zako, sitakuzuia, pengine utafanya vizuri kuliko mimi. Ila usiniletee ile akili ya haraka uliyoirithi kwangu, ukarekodi salamu ndefu mwanzoni mwa CD ukafikiri umemaliza. Hata ningesalimia, mlangoni bado ningemwacha nje. Hiyo sheria yako ya "abaki nje" ndiyo nakuomba uitazame tena, kabla hujamfungia nje mtu wa kwanza. Wanafunzi wako watakuwa na bibi zao, waume zao, watoto wanaolia, mbuzi wa kurudisha, na wengine hata pa kuchomekea mashine ya kuchezea hizo CD hawana. Mtu akikuambia haisikiki, usimpe jibu la kuchekesha darasa. Vaa viatu uende ukaone kwao. Utachoka, na wakufunzi wenzako watakuona mshamba. Mimi walinionea fahari, na unaona nilivyoishia.

Na kama huwezi kwenda kwao wote, basi mwache aliyeshindwa aketi ndani. Atashika kitu hata hivyo. Yule niliyemfungia nje alikuwa anashika mpaka kwa dirisha, na alichoshika ndicho alichokufundisha wewe.

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu, sikufichi. Watu husema umefuata nyayo zangu, mama mwalimu wa Kiingereza na binti naye. Wewe huwa unawajibu ni Mwalimu Ndunge ndiye aliyekufundisha kupenda Kiingereza. Nimekaa kimya miaka yote hiyo nikimeza wivu wangu, nikijifanya sijali. Ni kweli yako. Kwangu ulifundishwa kunyamaza.

Nasikia baba yako anarudi, anaimba ule wimbo wake mmoja anaoujua. Hataki nilie, kwa hivyo naharakisha.

Kesho watu wataketi pale sebuleni, na kiti cha mama kimewekwa kando yako, kile chenye kitambaa. Mpe Mwalimu Ndunge. Nimeshazungumza na mchungaji, akifika wakati wa mzazi kuweka mkono juu ya kichwa chako, mkono uwe wake. Wakiuliza mimi niko wapi, sema niko na sufuria. Akipiga hodi, nenda wewe umfungulie, umsalimie taratibu, mpe chai ya kwanza, ile yenye maziwa mengi. Usinitazame wakati huo kuona kama nimeumia, maana nitakuwa nimeumia.

Kama umenikasirikia, na una haki, usinihurumie kwa sababu unasafiri. Ondoka na hasira yako, utaniandikia ikipoa au isipopoa. Ila nina ombi moja tu. Nitakuwa nimesimama pale nje upande wa jikoni, karibu na dirisha la sebule, nikusikilize ukiombewa. Hilo dirisha, mwanangu, usiache mtu alifunge.

Mama yako